Maandishi kwenye Ukuta wa Sinema

Kwa miaka mingi mgongo wangu uliegemea ukuta wa sinema. Cherehani yangu ilikaa barazani, upande wa kushoto wa mlango mkubwa, pale pale ambapo zamani mama yangu aliuza karanga kwa watu waliopanga mstari wa tiketi. Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule, magauni ya harusi, na nguo za kwaya za makanisa ambayo hayaishi kugawanyika na kuhitaji rangi mpya. Siku hizi nashonea nyuma ya soko, kati ya muuza samaki wakavu na mtu anayechaji simu za watu, na sitaki mtu aniambie kwamba pale napo ni pazuri.

Ile sinema ilijengwa wakati dhahabu ya machimbo ya Kilo ilipokuwa ikiingiza pesa mjini, kwenye barabara kuu ya Bunia, na ikaja kuwa mali ya mfanyabiashara mmoja wa hapa hapa. Mwenyewe alihamia Kinshasa kabla ya vita. Vita vilipofika mjini, watu wa vijijini walikimbilia ndani na kulala humo na watoto wao. Viti vya mbao vikaisha kimoja kimoja kwenye majiko. Siwalaumu. Mama yangu mwenyewe alipika maharagwe kwa mbao za kiti cha safu ya mbele, na mpaka leo anasema hajapata kuni nzuri kama zile. Vita vilipopoa mlango ukafungwa, popo wakahamia, na sisi wenye biashara ndogo tukabaki barazani kwa sababu kuna kivuli na mvua haitufikii.

Katikati ya mji wetu ni mahali pa ajabu. Mchana huwezi kupita kwa wingi wa pikipiki na mikokoteni. Ikifika saa kumi na moja milango ya chuma inashushwa yote kwa kelele, kila mtu anakimbilia mtaani kwake, na giza linapoingia barabara inabaki ya mbwa na askari. Tumezoea hivyo kwa sababu ya usalama. Tumezoea mpaka tunaona kwamba ndivyo miji inavyokuwa.

Aliyekataa kuzoea ni mwalimu mmoja mstaafu aliyeuza daftari na kalamu upande wa kulia wa mlango. Sisi wa barazani tulimwita Prezida, kwa sababu aliongoza chama chetu na kwa sababu hotuba zilikuwa hazimwishii. Siku moja aligeuza kiti chake kunielekea.

“Mama, angaria. Kila jioni centre ya muji inakufa mbele ya macho yetu. Kama hii sinema inafunguka, watu watabakia. Watu wakibakia, ule mama wa mikate atabakia, ule wa nyama atabakia, na weye utashona na taa.”

“Prezida, mutu mwenye anaogopa bunduki mu njia hatabakia juu ya filme.”

“Anaogopa sababu njia iko bule, haina mutu. Njia ikijaa watu na taa, woga inapunguka.”

Nilimwambia jua limemchoma kichwa. Lakini jioni ile, nilipokuwa nafunika cherehani yangu, nilichungulia ndani kupitia tundu la mlango, jambo ambalo nilikuwa sijalifanya kwa muda mrefu. Niliona sakafu ikiteremka kuelekea ukuta wa mbele, na nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikiteremka pale mbio, mtoto wa muuza karanga aliyeingizwa bure, nikitafuta nafasi kwenye magoti ya mtu yeyote. Nikaingiwa na tamaa. Ndiyo ilivyoanza kwangu, kwa tamaa.

Prezida alimpigia simu mwenye nyumba kule Kinshasa, akaweka sauti ya juu ili wote tusikie. Mzee alikohoa kwanza, muda mrefu. Kisha akasema, “Mutengeneze. Mimi muzee, nitaifanya nini? Lakini musipigie batoto yangu juu ya ile nyumba. Mambo yote, munaita mimi.” Tulimsifu sana baada ya simu. Tulisema huyu ni mtu mpole, hataki kusumbua watoto wenye kazi zao. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza zaidi ya hapo.

Kila Jumamosi asubuhi serikali inataka tufanye salongo, yaani maduka yanafungwa na kila mtu anafagia mbele ya kwake. Sisi tukahamishia salongo yetu ndani ya sinema. Tulitoa kinyesi cha popo kwa magunia. Mama mmoja aliyekimbia vita kule Djugu, ambaye alikuwa amekodi kipande cha shamba pembeni ya mji, alikichukua chote kwa ajili ya mboga zake, na sombe yake, yaani kisamvu, mwaka ule ilikuwa na majani mapana. Wenye maduka wa ng’ambo ya barabara walitoa mabati, huyu mawili, yule matatu, na fundi akaziba paa. Mimi nilipewa kazi ya pazia la kuonyeshea picha. Nilishona vipande vya kitambaa cheupe cha pamba palepale barazani, kitambaa kikajaa miguuni mwangu na kumwagika mpaka ngazini, na wapita njia waliuliza kama ni harusi ya nani au maiti ya nani.

Nasema bila aibu kwamba nilikuwa na furaha. Sikulipwa na sikujali.

Tulifungua siku ya Jumapili, alasiri. Kanisa moja lilitukopesha mashine ya kuonyeshea, jenereta ilikuwa ya muuza nyama, na viti kila mtu alibeba chake kichwani kutoka nyumbani. Wengine walitandika mikeka. Mama yangu, ambaye tangu magoti yamshike hatoki mtaani Bigo ila kwa ajili ya kanisa na msiba, alikuja kwa pikipiki akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Picha ilipotokea kwenye kitambaa changu, watoto walipiga yowe na kunyamaza. Mshono wangu wa katikati ulipita juu ya pua ya mwigizaji mkuu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mama alinisogelea sikioni.

“Ule mushono umeinama.”

“Mama, angaria filme.”

“Ninaangaria. Ndani ya filme kuko mushono umeinama.”

Tulipotoka nje kulikuwa giza tayari, na hakuna aliyekimbia. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane, kwa sababu leo kuna watu wanaosema tuliota. Mama wa mikate alikuwa bado amekaa na beseni lake. Muuza nyama alikuwa amewasha makaa na moshi ukapita chini ya baraza. Duka la ng’ambo lilipandisha tena mlango wake wa chuma, likawasha taa, na watu wakaingia kununua sabuni na betri kama ni mchana. Askari wawili walisimama pembeni, nao wakanunua mishikaki. Mimi nilifunua cherehani yangu na kushona pindo la sketi moja, pindo ambalo lingeweza kungoja kesho. Nilishona na taa, kama alivyosema Prezida, naye akapita mbele yangu mara nyingi bila kusema lolote, ili nimwone.

Tuliendelea hivyo kila Jumapili. Kisha mzee wa Kinshasa akafa.

Habari zilifika asubuhi. Prezida alikaa chini na simu mkononi, na sote tukajua kinachofuata, kwa maana tunaishi Bunia. Mwenye mali akifa, mali inaanza kutembea. Anatokea mtoto, anatokea mpwa, anatokea mtu asiye wa ukoo kabisa lakini ana karatasi yenye mhuri, na kiwanja kinauzwa kwa watu watatu kabla matanga hayajaisha. Kwa hiyo mji mzima una desturi moja. Mwenye hofu na mali yake anaandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, ili anayetapeliwa asije kusema hakujua. Mkipita mitaani kwetu mtaona maandishi hayo kwenye kuta nyingi mno, kwa rangi nyekundu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Tulikutana barazani alasiri ileile. Prezida alisema tuandike kabla komisionere hajafika. Komisionere ni wale madalali wanaozunguka mjini wakinusa nyumba, hawana ofisi wala aibu. Sote tulisema ndiyo. Hata hatukujadiliana, tulijadiliana rangi tu. Mpaka leo nashindwa kuelewa jinsi watu wazima wengi vile, waliozaliwa hapa na kuzikia wazazi wao hapa, walivyosahau kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua anapopita mbele ya ukuta wa mwenzake. Ukiona nyumba imeandikwa haiuzwi, wewe mwenyewe unasema moyoni, aha, hapa kuna ugomvi, na tayari kuna mtu anaiuza. Tunasoma hivyo kuta zote za mji. Ukuta wetu tulidhani utasomwa vingine.

Mchoraji alipanda ngazi. Anaandika mabango ya maduka na vioo vya mabasi, ana mkono mzuri, lakini akiwa juu hawezi kuona mstari wake. Mimi nilisimama ng’ambo ya barabara kumwongoza, kwa kuwa jicho la mshonaji linaona kilichopinda. “Panda kidogo. Apana, shuka. Pale.” Akaandika kwa Kifaransa juu, kwa Kiswahili chini, herufi nyekundu kila moja na urefu wa mkono wangu. NYUMBA HII HAIUZISHWE. Ulikuwa mstari ulionyooka kabisa. Tulipiga makofi.

Jioni nilimsimulia mama. Alikuwa anachambua mchele.

“Muliandika mu ukuta?”

“Ndiyo, mama. Kubwa, mutu anasoma toka mbali.”

“Sasa mulianza kupigania na nani?”

“Hatupigane na mutu.”

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Nilichukia. Nilidhani ananibeza kwa sababu ya ule mshono.

Jumapili iliyofuata walikuja watu wachache. Waliokuja walibaki karibu na mlango. Nilisikia mwanamume mmoja akimuuliza mwenzake ni nani anayeuza, na mwenzake akamjibu kwamba ni afadhali wasionekane humo, mambo ya nyumba yanaishia kwa polisi. Kanisa likatuma kijana kuchukua mashine yao. Mchungaji alituma na salamu: tungoje kwanza ugomvi wa nyumba uishe, ndipo watatukopesha tena. Prezida alimwambia yule kijana hakuna ugomvi wowote. Kijana alitazama juu ukutani, akatutazama sisi, akafunga mashine kwenye pikipiki kwa kamba na kwenda zake.

Kabla wiki haijaisha komisionere walianza kupita. Mmoja wao, kijana mwenye miwani ya jua, alisimama ng’ambo ya barabara, palepale niliposimama mimi, akapiga picha ya ukuta kwa simu.

“Unafanya nini na ile foto?” nilimuuliza.

“Mama, ni nyumba ya muzuri. Manjanja ya paa ni mupya.”

“Haujue kusoma? Haiuzishwe.”

“Ninajua kusoma,” alisema, na akacheka kwa heshima. “Njo maana nilisimama.”

Ile picha ilisafiri. Simu haihitaji ndege wala barabara. Ilifika Kinshasa, ikatoka mkono huu kwenda ule, mpaka kwa watoto wa marehemu, na mmoja wao akapanda ndege akaja. Mwanamume mnene, mtaratibu, viatu safi. Alikuwa ameondoka Bunia akiwa mtoto mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto, kimechanganyika na Lingala. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akauliza afya ya mama zetu, na chuki yangu ikakosa pa kushika.

Prezida alimfungulia mlango. Alitembea ndani polepole, akagusa kuta, akatazama juu ambapo bati jipya liling’aa katikati ya yale ya zamani. Pazia langu lilikuwa bado limening’inia.

“Papa alitwambia iliungua,” alisema. “Siku zote. Eti mu vita, iliungua yote, hakuna kitu kilibakia. Siye hatukujua kama iko nyumba.”

Nilimtazama Prezida, naye alikuwa anatazama sakafu, na nilijua kwamba anaisikia sauti ya mzee kwenye simu akikohoa na kutuambia tusiwapigie watoto wake. Mzee aliificha sinema yake kwa uongo mmoja tu, ukatosha kwa miaka yote ile. Sisi tulioipenda tukamwita mchoraji.

“Aksanti sana,” yule mtoto wa mzee aliendelea. “Mulilinda. Ata paa mulifanya. Mungu abariki nyinyi.” Nadhani alisema kwa moyo wake wote. Aliiuza kabla ya kurudi Kinshasa, na komisionere waligombana wao kwa wao mbele ya mlango ni nani aliyemleta mnunuzi kwanza. Bati letu jipya waliliimba kama sifa ya nyumba. Paa halivuji, walisema. Ndani pamefagiwa.

Mnunuzi ni mfanyabiashara wa saruji. Mlango mkubwa wa sinema ulipanuliwa ili gari liingie kinyumenyume. Barazani wanashushia mizigo, kwa hiyo tuliambiwa tuondoke, na tulipewa muda wa kutosha wa kuondoka, siwezi kudai kwamba tulifukuzwa. Pazia langu nililiomba. Mlinzi alienda kuuliza, akarudi akasema bwana mkubwa amelikunja juu ya mifuko, linazuia unyevu vizuri. Nikamwambia basi.

Jioni saruji haimfanyi mtu abaki mjini. Saa kumi na moja lori la mwisho linaondoka, mlango unafungwa, na mama wa mikate sasa anauza asubuhi tu. Muuza nyama alihamia karibu na uwanja wa ndege. Wakubwa wanapokuja kwenye redio kuongea jinsi ya kufufua katikati ya mji, mimi huzima. Katikati ya mji ilifufuka. Nilikuwapo, nilishona pindo la sketi.

Prezida anauzia daftari nyumbani kwake siku hizi. Nilimtembelea mara moja na tulizungumza kuhusu bei ya kalamu, na kuhusu mvua, na kuhusu mtoto wake aliyeko Gety. Nilipoaga, alinisindikiza mpaka njiani na kusema, “Mama, komisionere wa kwanza wa ile nyumba ni siye.” Nilitaka kumwambia jambo la kumfariji. Sikulipata, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilikuwa bado na hasira naye, na mimi mwenyewe, na wote waliopiga makofi.

Sipiti tena barabara ile kama naweza kuzunguka. Lakini baada ya mvua za mwaka huu nilitumwa uzi na mteja mwenye haraka, nikapita. Ngazi ilikuwa imesimamishwa kwenye ukuta wa sinema. Mchoraji yuleyule alikuwa juu, na kopo la rangi nyekundu limefungwa kiunoni. Alikuwa anapaka upya maneno yetu, herufi kwa herufi, Kifaransa juu, Kiswahili chini. Mvua ilikuwa imeyafifisha.

“Mama, unapita bila kusalimia?”

“Nani alikutuma?”

“Patron wa simenti. Alisema haya maandiko ni ya muzuri, tusibadilishe kitu. Na yeye anaogopa wezi wa nyumba.”

Nilisimama na uzi wangu mkononi. Alikuwa amefika mwisho wa mstari wa chini, akaegemea nyuma kadiri ngazi ilivyomruhusu, akashindwa kuona.

“Mama, sababu uko pale. Angaria kama mustari iko droit.”

Nilitazama. Herufi za mwisho zilikuwa zimeteremka upande wa kulia, kidogo tu, mtu mwingine asingeona.

“Zimeshuka,” nilimwambia. “Panda kidogo.”

Akapandisha.